Barry Evans, "Mr. Brown" wa Mind Your Language: alikotoka, alivyovuma na alivyoishia kuendesha teksi

MWANZISHA UZI

Wakuu, salaam.

Kuna sura ya mwalimu mmoja ambayo Afrika Mashariki imeicheka kwa miaka mingi bila kumjua mwenye sura. Nywele za kahawia zimeshuka masikioni, koti na tai, na tabasamu la mtu anayekuomba radhi kabla hajakukosoa. Ni Mr. Brown wa Mind Your Language, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza kuhusu darasa la Kiingereza la wageni. Jina lake ni Barry Evans. Alifariki Februari 1997 akiwa na miaka 53, nyumbani kwake katika kijiji cha Claybrooke Magna, Leicestershire, Uingereza. Alikuwa peke yake, na kazi iliyokuwa ikimpa mkate miaka hiyo ya mwisho ilikuwa udereva wa teksi.

Klipu zake zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila kukicha. Watu wanacheka, kisha mmoja anauliza, "Hivi huyu mwalimu bado yupo?" Majibu yanayofuata yananiuma. Huyu anasema alihamia Marekani, yule anasema alikuwa mwalimu wa kweli aliyeokotwa na watu wa televisheni, mwingine anadai alikufa tajiri. Ndiyo sababu nimeleta uzi huu. Hoja yangu naiweka mapema ili mnipinge vizuri: kipindi kile kilibebwa na Barry Evans, si na lafudhi za wanafunzi wake. Kazi aliyokuwa akiifanya ni ile ambayo ikifanywa sawasawa mtazamaji haioni, na kwa kutoonekana ikamnyima kazi nyingine.

Tuanze na utoto.

Alizaliwa 18 Juni 1943 mjini Guildford, Surrey, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto. Aliachwa akiwa mtoto mchanga, akalelewa kwenye shule za bweni za yatima zilizokuwa chini ya Shaftesbury Homes, shirika la hisani. Kwanza alikuwa Fortescue House, Twickenham, halafu akahamishiwa shule ya wavulana ya Bisley, hukohuko Surrey. Kipaji kilionekana mapema, na kwenye michezo ya kuigiza ya shule mara nyingi yeye ndiye aliyepewa nafasi kuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishi na familia ya walezi huko Newbury Park, Essex.

Hapa naomba tukae kidogo. Mtoto wa bweni la yatima anakula na wenzake, analala na wenzake, anaoga na wenzake, nguo zake ni kama za wenzake. Jukwaani ndipo mahali pekee ambapo ukumbi mzima unageuka kumtazama yeye. Sioni ajabu kwamba alilishika jukwaa kwa mikono miwili.

Akapata ufadhili uliobeba jina la John Gielgud, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa jukwaa la Uingereza, kwenda kusoma Central School of Speech and Drama, London. Kwa hiyo wanaosema aliokotwa mtaani wafute. Huyu alikuwa mtu wa shule ya uigizaji, aliyefundishwa sauti, mwendo na kutulia.

Filamu iliyomtoa ni Here We Go Round the Mulberry Bush, iliyotoka mwanzoni mwa 1968 chini ya mwongozaji Clive Donner. Barry ni kijana Jamie McGregor, anayehangaika kutafuta msichana wa kwanza katika mji mpya wa Stevenage. Filamu ikachaguliwa kushindana katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo. Mnakumbuka Mei 1968 Ufaransa ilikuwaje: wanafunzi barabarani, wafanyakazi kwenye mgomo. Tamasha likavunjwa katikati. Kijana wa miaka 24, filamu yake ya kwanza kubwa imefika Cannes, na Cannes inafungwa. Mwaka uliofuata Donner akamchukua tena kwenye Alfred the Great, filamu ya kihistoria ya gharama kubwa na David Hemmings akiwa mfalme. Ile haikufanya vizuri sokoni.

Televisheni ndiyo ikamshika. Nitaendelea, ngoja nimalize shughuli kidogo.

MDAU (Mombasa)

Ndugu yangu, umenigusa pahala. Sisi huku kipindi hicho kilikuwa kikianza, nyumba yenye televisheni inajaa watoto wa mtaa mzima, wengine wanachungulia dirishani. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa msingi, na hakuwa mtu wa kucheka. Lakini kwa Mr. Brown alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nikadhani anawacheka wanafunzi. Siku moja akasema, "Mtazameni huyo mwalimu, hajampiga mtu, na wote wanarudi kesho." Skuli yetu ilikuwa na bakora tatu ukutani. Sijasahau.

Lete muendelezo.

MDAU (Mwanza)

Mkuu umetisha. Mimi nilikuwa nahesabu huyu mtu ni tajiri, na kila nchi kipindi kimepita. Teksi tena?

MWANZISHA UZI

Mdau wa Mombasa, asante sana. Alichokiona mzee wako ndicho ninachotaka kukielezea.

Mwaka 1969 kituo cha London Weekend Television, LWT, kilianzisha Doctor in the House, vichekesho vya wanafunzi wa udaktari katika hospitali ya kubuni ya St Swithin's, kutokana na vitabu vya Richard Gordon. Barry akawa Michael Upton, mwanafunzi mpya mwenye aibu na adabu. Sehemu ya kwanza iliandikwa na John Cleese na Graham Chapman, miezi michache tu kabla hawajaanza Monty Python, kundi lao maarufu la vichekesho. Kilipendwa sana. Kikazaa Doctor at Large mwaka 1971, Barry akiwa bado mhusika mkuu.

Halafu akatoka. Doctor in Charge ilipoanza 1972 kiti cha mbele alikikalia Robin Nedwell, na mfululizo ule ukaendelea kuzaa matawi kwa miaka bila yeye. Hakutaka kugandishwa kwenye koti la daktari kijana maisha yake yote. Wengi humlaumu kwa uamuzi huo. Mimi simlaumu hata kidogo. Mtu aliyesomeshwa kwa jina la Gielgud, ana miaka 28, ana haki ya kutaka kucheza vitu vingine. Tatizo vitu vingine havikuja kwa wingi aliotarajia, na alikuwa na uso uliokataa kuzeeka. Watoa kazi walipomtazama waliona mvulana, na wavulana halisi wa miaka 20 walikuwa wamejaa London nzima wakitafuta kazi hizohizo.

Mwaka 1976 akacheza Adventures of a Taxi Driver, filamu ya vichekesho vya watu wazima, za bei rahisi, aina iliyokuwa ikijaza kumbi za Uingereza wakati ule. Ndiyo, wakuu, alicheza dereva wa teksi wa London miaka mingi kabla hajawa dereva wa teksi kweli. Filamu iliingiza watu, lakini kwa mtu aliyekuwa anatafuta kuheshimiwa kama mwigizaji haikumsogeza mbele.

Ndipo akaja Vince Powell na darasa lake.

Powell alikuwa mwandishi mzoefu wa vichekesho, mmoja wa walioandika Love Thy Neighbour, kipindi cha majirani mweupe na mweusi ambacho hadi leo kinazua ugomvi. Safari hii aliandika darasa la jioni la Kiingereza kwa wageni wanaoishi London. LWT walilirusha kuanzia 30 Desemba 1977, Stuart Allen akiwa mtayarishaji na mwongozaji. Kwa wasiokijua: Jeremy Brown, kijana mwenye shahada ya Oxford, anaomba kazi ya kufundisha. Mwalimu mkuu Miss Courtney, aliyechezwa na Zara Nutley, alitaka mwalimu mwanamke na hamfichi. Darasa lile lilikwishamtoa akili mwalimu aliyetangulia. Brown anaingia.

Na ndani kuna nani? Giovanni mpishi Mwitaliano na Max Mgiriki, wote wawili wakigombania macho ya Danielle wa Ufaransa. Anna Mjerumani. Juan Mhispania, mhudumu wa baa, anayejibu kila kitu kwa Kihispania na kucheka mwenyewe. Ranjeet Kalasinga na Ali Mpakistani wanaotaka kushikana mashati. Jamila na sindano zake za kufuma. Su-Lee wa ubalozi wa China na kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao, asiyeelewana na Taro Mjapani anayebandika "o" mwisho wa kila neno.

Sasa fanyeni zoezi hili. Fungueni sehemu yoyote, zimeni sauti, msiwatazame wanafunzi. Mtazameni Brown peke yake.

Anauliza swali. Mwanafunzi anajibu kitu cha ajabu. Brown hacheki, wala hakasiriki mara moja. Kwanza anasikiliza mpaka mwisho, macho yamemkazia mtu kana kwamba safari hii jibu litatoka. Kisha kuna nusu sekunde ambapo uso unaonyesha kwamba ameelewa jinsi mwanafunzi alivyofika pale alipofika. Anafumba macho, anavuta pumzi, anatazama chini kwenye daftari la mahudhurio. Halafu anainua kichwa na kuanza upya kwa sauti ileile ya upole. Kicheko cha watazamaji kinalipuka hapo, kwenye ile nusu sekunde, wala si kwenye kosa lenyewe.

Kumbukeni vipindi vya namna ile vilirekodiwa studio mbele ya watazamaji waliokaa vitini. Wanafanya mazoezi siku kadhaa, halafu jioni moja wanarekodi. Kicheko kikija, mwigizaji lazima akisubiri bila kutoka kwenye uhusika, na akijua kitakatika lini aingie na mstari unaofuata. Wanafunzi kumi na kitu kila mmoja ana kichekesho chake na kauli yake. Brown hana kauli. Yeye ndiye anayewagawia wenzake nafasi, anapokea mpira na kuurudisha, na asipokuwepo yale yanabaki makelele ya watu wanaokosea.

Wanaofanya uchekeshaji hapa jukwaani watanielewa. Kuwa wa pembeni unayesaidia mwenzio achekeshe ni kazi ngumu kuliko kuchekesha, na malipo yake sifa zote zinaenda kwa mwenzio.

MDAU (Nairobi)

Nimesoma yote na nakubaliana kuhusu uigizaji wake, lakini tusipake rangi. Kile kipindi kilikuwa na shida. Kila taifa limepewa tabia moja, Mjapani anainama, Mfaransa anatongozwa, Kalasinga na Mwislamu wanapigana. Leo mtu akiandika hivyo kuhusu sisi tutakubali? Na kitu kingine: katika lile darasa la wageni wa London, Mwafrika yuko wapi? London ya 1977 ilijaa Wakenya, Waganda, Wanigeria, Waghana. Hatumo. Sisi tulichekeshwa na watu wengine tukiwa tumeachwa mlangoni.

MWANZISHA UZI

Mdau wa Nairobi, hoja yako ni nzito na sitaizunguka. Ni kweli, kati ya wanafunzi wa kudumu wa lile darasa hakuna Mwafrika. Na si sisi tu tuliokiona kasoro. Michael Grade, aliyekuwa mkuu wa vipindi LWT, ndiye aliyekiondoa hewani mwaka 1979 baada ya misimu mitatu, sehemu 29, kwa sababu aliona kinadhalilisha watu kwa kuwachora hivyo. Watu walikuwa bado wanakitazama kwa wingi. Hakikufa kwa kukosa watazamaji.

Lakini niongeze pande mbili.

Kwanza, tazama nani walikuwa wamekaa kwenye yale madawati. Pik-Sen Lim aliyecheza Su-Lee alizaliwa Penang, Malaysia. Françoise Pascal aliyekuwa Danielle ni mzaliwa wa Morisi, jirani zetu wa bahari hiihii. Albert Moses, Ranjeet, alitoka Sri Lanka. Dino Shafeek, Ali, alizaliwa Dhaka. Kevork Malikyan aliyekuwa Max Mgiriki ni Muarmenia wa Uturuki. Ricardo Montez, Juan, alizaliwa Gibraltar. Jamila Massey alizaliwa Simla, India. Televisheni ya Uingereza ya 1977 haikuwa na mlango mwingine mpana kwa watu hawa. Wengi walikuwa wakipewa mistari miwili ya mhudumu wa hoteli au mwenye duka. Hapa walikuwa kila wiki, wana majina, na nchi nzima inawajua. Hilo haliondoi kosa la mwandishi. Linaeleza tu kwa nini wenyewe walikubali na kwa nini baadhi yao walikitetea hadi uzeeni.

Pili, mwalimu mwenyewe. Andika skripti ileile, mpe mwigizaji mwingine anayewadharau wanafunzi, anayekonyeza kamera kila wanapokosea. Kipindi kingekuwa kichungu, kisingetazamika Lahore wala Kisumu. Barry hakuwahi kukonyeza. Alimcheza Brown kama mtu anayewapenda hawa watu na anayeamini watafaulu mtihani. Sisi tuliosoma Kiingereza kama lugha ya tatu, tukachekwa mbele ya darasa kwa kuchanganya nyakati za vitenzi, tulimwona mwalimu ambaye tulimhitaji. Ndiyo maana kimeuzwa kwa nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza na kikapendwa huko kuliko kwao. Wahindi wakatengeneza cha kwao mwaka 1993, Zabaan Sambhalke, Pankaj Kapur akifundisha Kihindi. Wamarekani walijaribu 1986 na What a Country!, kikadumu msimu mmoja.

Huku bara Tanzania televisheni zilianza 1994, kwa hiyo wengi wetu tulikijua kwanza kwa mikanda ya video iliyovuka mpaka kutoka Kenya. Mkanda ulipita nyumba hadi nyumba mpaka picha ikaanza kutetemeka.

MDAU (Arusha)

Kweli kabisa, mkanda wetu ulikuwa unatetemeka hapo hapo Ranjeet anapoomba msamaha elfu moja. Mpaka leo nikiiona picha safi YouTube naona kama kuna kitu kimepungua.

Mkuu malizia, alifikaje kwenye teksi?

MWANZISHA UZI

Haya, tumalizie sehemu ambayo si nyepesi.

Kipindi kilipofungwa 1979 Barry alikuwa na miaka 36 na bado anaonekana wa 26. Kila aliyempigia simu alitaka Mr. Brown, na Mr. Brown amefutwa. Huku hakuwa na rekodi ya majukumu mazito ya kuwashawishi waongozaji kwamba anaweza kitu kingine. Uso wa kijana unakufungulia milango ukiwa na miaka 20, lakini mwigizaji wa kiume anayekaribia 40 anatakiwa acheze baba, polisi, wakili, mume aliyesalitiwa, na ule uso ulimkatalia zote. Alipata kazi hapa na pale. Mwaka 1982 alikuwemo kwenye mfululizo wa BBC pamoja na mchekeshaji Dick Emery, kisha kimya kirefu.

Mwaka 1986 Mind Your Language ikafufuliwa na kampuni binafsi, sehemu 13, na baadhi tu ya vituo vya Uingereza vikairusha. Barry alirudi darasani. Niliitazama yote na nawashauri muitazame mara moja tu. Dino Shafeek alikuwa amefariki 1984, kwa hiyo Ali hayupo. Tommy Godfrey, yule Sid mtunza jengo la shule, alifariki mwaka huohuo. Danielle hayupo. Brown amesimama mbele ya ubao uleule, ameshapita miaka 40, anaigiza kwa ustadi uleule, lakini wale waliokuwa wakimrudishia mpira wengi wameondoka. Ile ndiyo iliyonishawishi kabisa kuhusu hoja yangu ya mwanzo. Mstari ukiwa dhaifu, unamwona yeye anaubeba kwa uso. Hakuna sehemu ambapo amefanya kazi kwa uvivu.

Baadaye alihamia Leicestershire, mbali na London na studio zake. Akawa dereva wa teksi. Kazi ya mwisho ya filamu ninayoijua ni The Mystery of Edwin Drood ya 1993, iliyotokana na kitabu cha Dickens.

Teksi si aibu, na naomba mtu asiniletee lugha ya "aliporomoka". Alikuwa mtu mzima anayelipa bili zake kwa kazi halali. Kinachoniuma ni kwamba ufundi ule wa kusikiliza na kusubiri, ambao haupatikani kirahisi, ulikaa nyuma ya usukani kwenye barabara za vijijini wakati vituo vya televisheni vya nusu ya dunia vilikuwa vikiurudia kila siku.

Februari 1997 gari lake liliripotiwa kuibiwa. Polisi wakalipata. Walipokwenda nyumbani kwake kumpa habari hiyo, wakamkuta amefariki sebuleni.

MDAU (Mwanza)

Nilisikia alijiua. Wengine wanasema aliuawa na kijana. Lipi ni kweli?

MWANZISHA UZI

Mkuu, hapa tuwe waangalifu sana kwa sababu mitandaoni watu wanaandika wanavyotaka.

Kilichotoka kwenye uchunguzi ni hiki. Alikuwa na jeraha la kupigwa kichwani. Damu yake ilikuwa na kiwango kikubwa cha pombe. Pembeni yake kulikuwa na wosia mfupi na pakiti ya aspirini iliyomwagika. Ile pakiti bei yake ilikuwa imeandikwa kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, iliyoachwa Februari 1971, maana yake ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 25. Afisa aliyechunguza kifo alihitimisha kwamba Barry hakuwa amemeza vile vidonge. Kijana wa miaka 18 alikamatwa, lakini hakufunguliwa mashtaka kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Uamuzi wa mwisho ukaachwa wazi, yaani kisheria haikuthibitishwa kuwa ni kujiua, wala ajali, wala mauaji.

Kwa hiyo anayeandika "alijiua" anaongopa, na anayeandika "aliuawa na fulani" anaongopa pia na anamsingizia mtu ambaye mahakama haikumtia hatiani. Mwili wake ulichomwa Golders Green, London. Mwenye heshima kwake aishie hapo.

MDAU (Kisumu)

Nimesoma huu uzi nikamkumbuka Mzee Ojwang wetu. Benson Wanjau, Mkikuyu aliyemcheza Mjaluo katika Vitimbi hadi sisi Wajaluo tukamchukua kuwa wetu kabisa. Miaka mingi kwenye runinga ya taifa, kila mtoto Kenya anaijua ile kofia. Macho yalipomharibikia, ni wananchi waliochangishana kwa ajili ya matibabu yake. Akafariki Julai 2015. Msiba ukaja na hotuba nyingi. Mimi swali langu ni la pesa. Kipindi kikirudiwa mara mia, mwigizaji anapata nini?

MWANZISHA UZI

Mdau wa Kisumu, Mungu amlaze pema Mzee Ojwang. Na umegusa penyewe.

Inategemea mkataba. Mwigizaji akilipwa kwa kila siku ya kurekodi na mkataba ukaishia hapo, kituo kinabaki na mkanda, na kinaweza kuuza na kurudia bila kumwomba ruhusa. Uingereza chama cha waigizaji, Equity, kilikuwa kimeshapigania malipo ya marudio, ila malipo hayo hutegemea kipindi kurudiwa na kurekodiwa mauzo yake kihalali. Mind Your Language nyumbani kwao iliwekwa kando kwa sababu ya ule utata. Huku kwetu tuliiona kwa mikanda iliyonakiliwa juu ya nakala, na leo kwa klipu zilizokatwa na watu wasiojulikana. Mkanda ule uliozunguka Arusha haukumpa Barry hata senti. Hili nalisema nikijua kwamba na mimi nilikuwa miongoni mwa watazamaji.

Kwa upande wetu, wasanii wa runinga wanaosoma uzi huu: kabla ya kusaini, ulizeni kifungu cha marudio, kifungu cha kuuza nje na kifungu cha mtandaoni. Vitatu hivyo. Kama havimo kwenye karatasi, dai viandikwe kabla hujavaa nguo za uhusika. Mtu akikuambia "tutaelewana mbele ya safari", msisaini siku hiyo.

MDAU (Mombasa)

Haya ni ya kunakili na kuweka kwenye makundi ya waigizaji. Ulizo la mwisho, wenzake wako wapi? Nilimpenda sana Max.

MWANZISHA UZI

Max, Kevork Malikyan, aliendelea vizuri. Ukitazama Indiana Jones and the Last Crusade ya 1989, yule Kazim mwenye kofia nyekundu ya tarbushi ndiye yeye. Albert Moses alicheza pia kwenye Octopussy ya James Bond, akafariki 2017. Ricardo Montez alifariki 2010. Anna Bergman, aliyekuja baadaye kama Ingrid Mswidi, ni binti wa Ingmar Bergman, mwongozaji mkubwa wa filamu wa Sweden. Vince Powell mwandishi alifariki 2009.

Kuhusu Barry, kwa yeyote anayetaka kumwona bila ubao nyuma yake, anzeni na Doctor in the House, misimu ya 1969 na 1970, halafu Here We Go Round the Mulberry Bush. Kwenye ile filamu ana miaka 24 na anamsimulia mtazamaji mambo yake mwenyewe. Mtaona kwamba yule kijana alikuwa anaweza kubeba filamu nzima peke yake, na mtaona pia ile nusu sekunde ya ukimya tayari iko usoni, miaka kumi kabla ya Mr. Brown.

Mwenye kumbukumbu za kipindi hiki kwenye televisheni za Kenya au Zanzibar, hasa siku na saa kilipokuwa kikirushwa, aziweke hapa chini. Na mwenye mkanda wa zamani wenye matangazo ya kituo ndani yake asiutupe, tuwasiliane humu humu ndani ya uzi.